Watoto wanaimba kanisani, nyumbani wanakuwa mabubu: kasoro iko wapi?

#1 MamaMuyeye
Hamjambo wana Malindi. Nauliza kwa niaba ya kikundi cha akina mama, mchanganyiko wa Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste. Watoto wa miaka minne hadi kumi na mmoja Jumapili wako mbele wanaimba mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Jioni nyumbani ukisema "tuombe", mdogo anasinzia, wa katikati anacheka, mkubwa anatoa sala ya sekunde tano: "Asante Mungu kwa uhai na afya njema, tulinde usiku, amina." Kesho ile ile, mtondo ile ile. Tafadhali msituambie "waombeeni tu". Tunataka kujua saa ngapi, dakika ngapi, mpangilio gani, na kwa nini mambo yanaharibika.

#2 MwalimuJpili
Kabla ya kutafuta pepo, angalia saa. Nyumba nyingi hapa sala ni baada ya chakula, saa tatu kasoro. Mtoto wa miaka minne wakati huo ameshakula sima, tumbo limejaa, joto la chumbani linamlevya. Unamdai ibada mwili ukiwa umeshafunga duka.

Hamisheni sala iwe kabla ya chakula. Mtaani kwetu saa ya kila mtu ni adhana ya magharibi: watoto wa jirani wanaingia ndani, wenu nao wanaingia, wanaoga, mnakaa mkekani sufuria ikiwa bado jikoni. Kwa mtoto wa miaka minne peke yake dakika tano zinatosha. Mkiwa na umri mchanganyiko, kumi, si zaidi. Wimbo mmoja beti mbili, aya moja au mbili za Biblia (si sura!), kila mtu shukrani moja, sala ya pamoja, amina. Mkianza kuvuta hadi ishirini mtawapoteza kuanzia mdogo kwenda juu.

Na msianze na usiku saba kwa wiki. Chagueni siku tatu zijulikane.

#3 KwayaMasta
Saa ni kweli, lakini mmeruka jambo la kwanza kabisa: sauti. Mtoto hanyamazi kwa kukosa imani, ananyamaza kwa sababu wimbo umeanzishwa mahali ambapo koo lake halifiki.

Baba akianzisha tenzi anaiweka penye raha yake, na sauti ya mwanamume iko oktava nzima chini ya mtoto. Mtoto anaitafuta noti ile ile chini kifuani, haipo, anabaki kunguruma. Baada ya siku chache anaona heri kukaa kimya. Jumapili anaimba kwa sababu mwalimu ni dada mwenye sauti ya juu na kinanda kimeshikilia.

Mtoto mdogo yuko salama kati ya D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda, mpaka A ya hapo hapo juu yake. Mkubwa kidogo anaweza kufika D ya juu. Kwa hiyo wimbo unaoanzia doh (noti ya kwanza ya ngazi ya muziki) na kupanda hadi soh, doh iwe D. Wimbo unaoshuka hadi soh ya chini, doh iwe G, la sivyo hiyo soh watoto wote wataimeza. Huna kinanda? Programu ya kinanda kwenye simu ni ya bure. Huna simu? Mama aanzishe, au binti wa miaka kumi na mmoja. Baba aingie mstari wa pili.

#4 BabaMapacha
KwayaMasta, wewe hata kuku akitaga unauliza doh ni ngapi.

#5 KwayaMasta
@BabaMapacha akitaga vizuri ni F.

#6 Kadzo_wa_Ganda
Haya ya sauti yanaeleza kuimba. Hayaelezi ile sala ya sekunde tano. Pale tatizo ni kwamba tunawauliza swali baya. "Unamshukuru Mungu kwa nini?" ni swali la mtu mzima. Mtoto hajui pa kushika, anachukua maneno aliyosikia mzee akisema: uhai, afya, ulinzi. Uhai ameuona wapi? Kitu hujakikosa hata siku moja huwezi kukitambua.

Uliza kinachoshikika. Leo umekula nini kilichokuwa kitamu? Nani alikusaidia shuleni? Umeona nini njiani? Akijibu, msaidie kufuata njia mpaka mwisho. "Samaki changu." Changu kaletwa na nani? Mama. Mama kamtoa wapi? Kwa mvuvi. Mvuvi kamtoa wapi? Baharini. Na bahari? Hapo ndipo anamtaja Mungu, na sala inakuja yenyewe: "Asante Mungu kwa changu, na kwa yule mvuvi." Msiruke kutoka sahani hadi mbinguni. Wanaoruka wanalea mtoto anayemshukuru Mungu kwa chakula na hajawahi kumwambia asante aliyekipika.

Halafu lugha. Shuleni Kiingereza, kanisani Kiswahili, na kwa hawe (bibi) kule Ganda au Kakuyuni ni Kigiriama. Mtoto aombe kwa lugha anayogombania nayo na wenzake. Ukimlazimisha Kiswahili cha mimbarini, atakariri.

#7 Mkatekista_Mjini
Naona kukariri kunapigwa mawe. Ngojeni kidogo. Sala iliyokaririwa ni mifupa, nyama itakuja. Mtoto mwenye homa usiku au aliyefiwa na babu hana nguvu ya kutunga maneno, atatumia aliyo nayo.

Kuna namna ya kufundisha bila kuchosha. Mwanzoni mpeni jibu, si mwanzo wa sala. Kwenye Salamu Maria mkubwa anasema nusu ya kwanza, mtoto anajibu kuanzia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu". Akilishika jibu, mnabadilishana. Rozari ya kawaida ya siku ni makumi matano, kila kumi Salamu Maria kumi. Chini ya miaka saba mpeni kumi la kwanza tu. Mwezi wa Mei na wa Oktoba mnaweza kuongeza. Kila kumi liwe na mtoto wake wa kuongoza na nia yake: hili kwa ajili ya mgonjwa wa jumuiya, hili kushukuru kwa mvua.

Tena shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu de Forbin-Janson, liliwataka watoto Salamu Maria moja kwa siku na sarafu ndogo kwa mwezi. Moja! Aliyeweka kiwango hicho alijua watoto.

#8 Nuru_Gongoni
Samahani mkatekista, Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka. Kurudia maneno yale yale si ibada.

#9 Mkatekista_Mjini
@Nuru_Gongoni soma Zaburi 136. "Kwa maana fadhili zake ni za milele", aya 26, mara 26. Inakatazwa kurudia ukidhani wingi wa maneno ndio unaosikilizwa. Tena zaburi hiyo ni dawa kwa watoto: mkubwa anataja jambo, wadogo wanaitikia. Mkimaliza aya tano za Biblia mnaongeza za nyumbani. "Aliyeleta mvua ya masika", wanaitikia. "Aliyemrudisha baba salama kutoka Mombasa", wanaitikia. Hata wa miaka mitatu ataingia.

#10 Nuru_Gongoni
Hiyo ya kuongeza za nyumbani nimeipenda. Rozari bado sijashawishika 😄

#11 MzeeWaBarani
Vijana mmesema vizuri lakini mnazunguka. Mtoto anakuwa bubu kwa sababu nyumba nyingi zimegeuza sala kuwa baraza la mashtaka. Baba anafumba macho: "Ee Bwana, mbadilishe huyu Karisa anayeiba sukari." Karisa yuko hapo hapo, wadogo zake wanamchungulia. Kesho Karisa atafungua kinywa? Waefeso 6:4 imesema wazi, akina baba msiwachokoze watoto wenu. Makosa yana wakati wake, baba na mwana peke yao, mchana. Penye shukrani asitajwe mtu kwa kosa lake.

Pia soma Kumbukumbu la Torati 6:7. Hakuna mahali palipoandikwa saa mbili usiku. Ni uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Nyakati nne. Anayebeba ndoo ya maji na mtoto akamwonyesha mwembe ulivyochanua na kumtaja aliyeuchanusha, ameshafundisha.

#12 BabaMapacha
Mzee hapo umetupiga ngumi ya tumbo wengi. Ila "njiani" kwa mtu wa bodaboda ni vigumu, mtoto nyuma ananisikia nusu, nusu inaenda na upepo.

#13 Neema_Mambrui
Kwa kisa cha kufundishia shukrani chukueni wale wakoma kumi, Luka 7, mmoja tu Myahudi ndiye aliyerudi kushukuru. Watoto wanapenda kuigiza.

#14 MwalimuJpili
@Neema_Mambrui ni Luka 17:11 hadi 19, na aliyerudi alikuwa Msamaria. Ndiyo uzito wa kisa: mgeni ndiye aliyerudi. Mkimfanya Myahudi mmekitoa mbegu.

Kuigiza ni kuzuri, ila kuna mtego. Watoto wote wanagombania kuwa yule mmoja, tisa wanaachwa kama wabaya. Mfanye hivi: wote kumi waondoke hadi mlangoni, kila mmoja aseme anakimbilia nini. Kwa mama yangu! Kucheza mpira! Kumwonyesha kuhani! Ndipo wanaona kwamba wale tisa hawakuwa na ubaya, walikuwa na haraka tu. Hapo mtoto anajitambua bila kukaripiwa.

#15 Neema_Mambrui
Asante mwalimu, umenikamata mchana kweupe.

#16 Kadzo_wa_Ganda
Hakuna aliyegusa sadaka. Shukrani bila mkono kutoa ni nusu. Na siku hizi wazazi wanatuma sadaka na zaka kwa M-Pesa. Sina neno na hilo, lakini mtoto aliyekaa karibu anamwona baba akibonyeza simu tu, kama anavyonunua tokeni za stima.

Mpeni mtoto sarafu. Akipata shilingi 50 usimpe noti ya hamsini, mpe sarafu nne za kumi na mbili za tano. Hapo fungu la kumi analiona kwa macho: moja ya tano inaingia mkebe wa sadaka. Mikebe miwili ya maziwa inatosha, mmoja wa sadaka na mmoja wake. Mkebe wa sadaka ukatwe tundu juu, usifunguliwe mpaka Jumamosi jioni. Kinachoharibu ni mzazi kumpa mtoto shilingi ishirini mlangoni mwa kanisa. Hiyo ni sadaka ya mzazi, mtoto ni mpagazi tu.

#17 BabaMapacha
Ongezea ile ya sikukuu ya mavuno. Mtoto kaleta kuku wake madhabahuni, ibada ikiisha kuna mnada, baba anamnunua kuku yule yule, jioni kuku yuko uani. Mtoto: "Baba, Mungu amemkataa?"

#18 Mkatekista_Mjini
😂 Swali hilo ni la kweli na lina jibu. Mwambieni kabla ya mnada kwamba kuku ameshatolewa, sasa anauzwa ili pesa zifanye kazi ya kanisa. Au mnunue kuku wa jirani. Na mtoto achague kilicho kizuri: embe lisiloanguka, muhindi uliojaa, korosho zisizotoboka. Malimbuko katika Kumbukumbu la Torati 26 yalikuwa kikapuni, na mtoaji alisimulia ametoka wapi: baba yake alikuwa Mwarami, wakashuka Misri, wakateswa, wakatolewa. Mpe mtoto naye sentensi mbili za kusema. Hili embe ni la mti uliopandwa na tsawe (babu). Mwaka jana ulikauka, mwaka huu umezaa. Inatosha.

#19 Chumvi_Watamu
Sasa niulize gumu. Masika hoteli zinafungwa au zinapunguza watu, baba amerudi nyumbani bila kazi, chakula ni mboga ya mchunga na sima siku ya tatu mfululizo. Mtoto anaambiwa "shukuru". Hapo si ndipo anapokuwa bubu? Mimi naona bubu huyo ni mkweli kuliko anayesema asante.

#20 MzeeWaBarani
1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Mtoto afundishwe kushukuru hata kwa mchunga.

#21 Kadzo_wa_Ganda
Mzee, shikamoo, lakini hapo sikubali. Ukimfunga mtoto kinywa asilalamike, atajifunza kwamba kwa Mungu kunapelekwa maneno matamu tu. Zaburi ya 13 ina aya sita. Inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na inaishia kwa kuimba. Mwandishi hakuruka moja kwa moja hadi ya sita.

Mpango wa jioni ngumu: kila mtu aseme moja lililomuuma, amwambie Mungu kama lilivyo. Kisha ombi moja. Kisha, kama lipo, asante moja. Asiyekuwa nayo apite. Na mzazi asilipambe. Akisema "nimechoka na mchunga", jibu ni "Mungu amesikia", si hotuba kuhusu watoto wenye njaa kwingine.

#22 MzeeWaBarani
Marahaba. Lakini asiyefundishwa kushukuru kwa mchunga hata kwa pilau atanung'unika. Israeli jangwani walipewa mana wakaichoka.

#23 Chumvi_Watamu
Wakaichoka na bado Mungu akaendelea kuwapa 🙂 Tuendelee.

#24 Neema_Mambrui
Ya wakoma nilikosea, hii nina hakika: Yoshua 4, mawe kumi na mawili kutoka Yordani, ili watoto wakiuliza "mawe haya maana yake nini?" wasimuliwe. Nyumba iwe na chupa kubwa wazi. Kila jambo jema la familia, mtoto anatia kombe moja la pwani. Mwisho wa mwezi mnamwaga mkekani, kila mmoja anachukua moja na kukumbuka.

#25 Chumvi_Watamu
Wazo tamu, kombe hapana. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, kuchukua kombe humo ni kosa, na askari wa wanyamapori hataki kusikia habari ya Yoshua. Tena kombe tupu ni nyumba ya kaa. Tumieni kokwa za ukwaju, zimejaa uani bure, au vizibo vya soda. Ukitumia vizibo unaweza kubandika karatasi na kuandika neno moja, "mvua", "mtihani". Kokwa tupu baada ya wiki tatu hakuna anayekumbuka ipi ni ipi.

#26 BabaMapacha
Kwa wenye kutembea na watoto, wapelekeni lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, alilojenga Vasco da Gama 1498. Hata watoto wataona kwamba watu wameabudu hapa zamani.

#27 Mkatekista_Mjini
Vasco alifika 1498, na kinachobeba jina lake ni ile nguzo yenye msalaba. Usimpe na kanisa. Kanisa linahusishwa na kupita kwa Fransisko Ksaveri mwaka 1542 akielekea India. Hapa Malindi alimzika mmoja wa waliofia safarini.

Na kuna jambo aliloliandika katika barua yake linalofaa uzi huu. Mzee mmoja Mwislamu wa Malindi alimuuliza kama Wakristo wa Ulaya wanakwenda kanisani, kwa sababu yeye alisikitika: mji ulikuwa na misikiti kumi na saba na watu walikwenda mitatu tu. Kulalamikia watu wasioabudu ni desturi ya mji huu kabla ya simu.

#28 MwalimuJpili
Hiyo naichukua. Na tukiwa kwa majirani: watoto wa Kiislamu wanaokwenda chuoni (madrasa) wanasoma kwa sauti, kila siku, kipande kidogo, mwalimu anasahihisha hapo hapo. Watoto wetu tunawapa saa moja Jumapili na kutegemea wiki nzima. Shule ya Jumapili yenyewe, Robert Raikes alipoikuza Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, ilikuwa ya watoto waliofanya kazi siku nyingine, wafundishwe kusoma. Haikukusudiwa kuchukua nafasi ya mkeka wa nyumbani. Martin Luther aliandika katekisimu yake ndogo (kitabu kifupi cha mafundisho ya imani) mwaka 1529 akimlenga mkuu wa nyumba, na akatia ndani sala za asubuhi, za jioni na za mezani.

#29 MamaMuyeye
Asanteni sana, nimeandika mengi. Saa tutahamisha, na swali la "umekula nini" tumeshalijaribu kwa sauti hapa kwenye kikundi, tumecheka. Yamebaki mawili. Kayamba kwenye sala ya nyumbani, ndiyo au hapana? Na kijana wa miaka kumi na mmoja, kumi na miwili asiyetaka kabisa kuimba?

#30 KwayaMasta
Kayamba ndiyo, Zaburi 150 imeruhusu mpaka matoazi. Ila la mtoto liwe dogo, urefu kama daftari, matete yaliyonyooka na kukauka, mbegu konzi moja ndani. Ukijaza mno mbegu hazina pa kukimbilia, sauti inakuwa bubu. Zikiwa chache inasikika kama mvua ya kudokoa. Lishikwe kwa mikono miwili, liinamishwe kushoto na kulia, vidole gumba vikigonga mgongoni. Shida ya watoto ni kuongeza mwendo: wanaanza polepole, beti la pili wanakimbia. Mtu mzima apige makofi ya taratibu, kayamba limfuate. Na liwe moja kwa zamu. Matatu ndani ya chumba kimoja hakuna atakayesikia maneno.

Kuhusu kijana: sikiliza sauti yake anapozungumza. Ikianza kupasuka, hawezi kuimba bila aibu, na si ukaidi. Mwekeeni mistari ya chini, noti nne au tano tu, au aache kuimba kabisa kwa miezi kadhaa apige kayamba.

#31 MzeeWaBarani
Au asome aya. Mpe Biblia, mpe na tochi stima ikipotea. Mwenye kazi hakimbii.

#32 Nuru_Gongoni
Sioni kama ni sauti wala kazi. Umri huo anapima kama wazazi wanaamini wanachosema. Akisikia mama anamsengenya mchungaji saa kumi na mbili na saa moja anaongoza sifa, atanyamaza tu.

#33 KwayaMasta
@Nuru_Gongoni na je, ikiwa mama hamsengenyi mtu na kijana bado amenyamaza? Mwambie aseme "aaa" kutoka juu kushuka chini. Ikikatika katikati, ni koo.

#34 BabaMapacha
Tumerudi kwenye doh.

#35 Kadzo_wa_Ganda
Na kama haikatiki, muulizeni yeye mwenyewe. Katika posti thelathini na nne hakuna aliyependekeza hilo.